Tope, Ukoga na Msaragambo: Upare na Kazi ya Kuzibua Maji

Chemchemi nyingi za Upare hazina nguvu. Anayepanda kutoka mjini Mwanga kwenda Usangi, kona baada ya kona, mpaka akafika kata ya Kighare, hakutani na mto wa kutisha. Anakuta vijito vinavyoteremka kutoka misitu ya juu, Kindoroko ukiwa mmojawapo, na vingine ni vyembamba kiasi kwamba mtoto anaviruka akienda shule. Kijito cha namna hiyo kikielekezwa moja kwa moja kwenye mfereji wa udongo, ardhi hukinywa njiani. Mwenye shamba la karibu atamwagilia. Wa mbali ataona udongo umelowa, lakini maji hatayaona.

Wapare walilitatua hilo kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na kukingwa kwa udongo na mawe, kabla mfereji haujaanza kugawa maji mashambani. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji hujikusanya humo. Alfajiri kizibo kinatolewa, na yale yaliyokuwa yakiingia kidogo kidogo yanatoka kwa pamoja na kwa kasi, yakawahi kufika shamba la mwisho kabla ardhi haijayamaliza. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Kijito cha lita 2 kwa sekunde kikikusanywa kwa saa 12 kinaweka lita 86,400. Zikifunguliwa kwa saa tatu, mfereji unabeba lita 8 kwa sekunde, bila kuhesabu zile zinazoendelea kuingia. Kijito kile kile, mlima ule ule, lakini nguvu ya maji imezidi mara nne.

Shida ni kwamba maji hayasafiri peke yake. Yanabeba mchanga, majani na udongo mwekundu wa mashamba ya juu, na yakifika ndivani yakatulia, mizigo hiyo inazama. Bwawa lililochimbwa kwa jasho la ukoo mzima linaanza kujaa tope tangu usiku wa kwanza. Mferejini, nyasi zinaota kingoni na kuinamia maji, mizizi inatafuta njia, na juu ya mawe panajitandaza ule utelezi wa kijani unaomwangusha asiye mwangalifu.

Masimulizi ya maji Upare huwasifu zaidi wachimbaji: ukoo fulani ulitoboa mfereji huu, mzee fulani aliupima mteremko kwa jicho. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini mfereji ulichimbwa mara moja, ukasafishwa kila mwaka, kizazi hadi kizazi, na usafishaji ndio ulioamua nani apate maji na nani ayakose. Historia ya kuzibua ni ndefu kuliko historia ya kuchimba, na kwa bahati mbaya haina mashujaa wenye majina.

Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare aliyekuja kuwa miongoni mwa wanahistoria wakubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikaa na wazee akakusanya masimulizi yao, na mwaka 1969 akachapisha kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900. Humo wanatajwa Washana, wahunzi walioitawala Ugweno, na Wasuya waliowapindua na kuijenga upya dola ya Ugweno, upande wa kaskazini wa milima. Chuma cha Upare kilisifika, kikanunuliwa hata na Wachaga wa Kilimanjaro. Chuma hicho kinastahili kutajwa katika habari za maji pia. Anayesafisha mfereji wa mlimani anapambana na mawe na mizizi, na bila jembe la chuma siku ya kazi huwa ndefu mno.

Mifereji na ndiva zilikuwa mali ya koo. Ukoo uliochimba ndio uliosimamia zamu, na wageni walioomba maji walipewa kwa masharti. Juu ya masharti ya kibinadamu palikuwa na ya mizimu. Upare ya kaskazini ilikuwa na misitu ya matambiko ya koo, mpungi, pamoja na misitu ya jando iliyoitwa mshitu, na maji yalihesabiwa katika mpangilio huo huo wa uzazi, utulivu na baraka. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Michael Sheridan, aliyefanya utafiti wake Pare ya kaskazini, alichapisha mwaka 2002 makala inayoeleza kwamba banio la mfereji, yaani mahali maji yanapoingizwa kutoka kijitoni, lilifikiriwa kwa lugha ile ile ya tumbo la uzazi. Kwa hiyo palikuwa na miiko ya nani akaribie banio na lini, na kulichafua kulikuwa kosa zaidi ya kosa la mazingira. Msomaji wa leo anaweza kucheka miiko hiyo, lakini aangalie kazi iliyokuwa ikifanya: sehemu ya mfereji iliyo rahisi kuzibika kuliko zote, na iliyo mbali na macho ya watu, ililindwa saa 24 na walinzi wasiolipwa.

Kazi yenyewe ya kusafisha iliitwa msaragambo, na bado inaitwa hivyo. Mbiu ya pembe inalia kilimani, na kila kaya inatoa mtu. Watu wanakuja na majembe, makoleo na mapanga, siku hizi na makarai na mifuko ya salfeti, na kazi inagawanywa kwa vipande: kaya hii toka jiwe hili hadi mgomba ule. Wa mbele wanafyeka nyasi na magugu ya kingo. Wanaofuata wanaingia ndani ya mfereji, maji yakiwa yamegeuzwa kwenye banio, wanakomba tope na kulitupa upande wa chini wa kingo ili mvua isilirudishe. Wengine wanaziba matundu ya panya na kaa wa mtoni, maana tundu dogo la kidole likiachwa wiki mbili linageuka pango, na maji ya kijiji yanaishia kwenye shamba la mtu mmoja aliyelala. Ndiva ndiyo kazi nzito. Inamwagwa, watu wanazama kwenye tope mpaka magotini, na makarai yanapita mkono kwa mkono hadi ukingoni. Asiyefika hulipa faini. Akigoma kulipa, zamu yake ya maji inarukwa.

Hakuna aliyewafundisha Wapare kanuni za majimaji, lakini kanuni hizo zingewaunga mkono. Mwaka 1889 mhandisi wa Ireland, Robert Manning, aliwasilisha kwa wahandisi wenzake kanuni ya kukadiria mwendo wa maji katika mfereji. Ndani yake kuna namba moja inayopima mkwaruzo wa kuta na sakafu. Mfereji wa udongo uliosafishwa vizuri una namba karibu na 0.022. Nyasi zikiota kiasi inapanda hadi 0.03 au zaidi. Magugu yakisongamana inaweza kufika 0.08. Kina kikiwa kile kile na mteremko ule ule, kiasi cha maji kinapungua kadiri namba hiyo inavyopanda. Kwa hiyo mfereji uliosongwa na magugu unabeba robo hivi ya kile ambacho ungebeba ukiwa safi. Chanzo hakijakauka wala mvua haijapungua, ila robo tatu ya maji imezuiwa na majani. Yanayozuiwa hujaa, hupanda kingo na kumwagika makorongoni, na ugomvi wa nani ameiba maji unaanza katika kijiji ambacho hakuna mwizi.

Ukoloni ulipofika, msaragambo haukufutwa. Ulipunguziwa watu. Reli ya Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikipita tambarare chini ya milima, na pembeni mwa reli yakaota mashamba ya mkonge, Makanya yakiwemo. Kodi ilidai fedha taslimu, na fedha ilikuwa chini. Kila mwanamume aliyeshuka mkongeni alikuwa koleo moja pungufu siku ya mbiu. Milimani kahawa nayo ilidai mikono yake. Hata hivyo desturi haikufa, tena ilitumika kujengea barabara na shule, na si siri kwamba Wapare walipenda shule mapema.

Katika miaka ya 1940 watawala wa Kiingereza walileta kodi ya kupimiwa mali, iliyoitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi kuipinga. Kimambo aliandika juu ya harakati hizo pia. Wataalamu wa siasa wameeleza sababu zake kwa marefu, lakini jambo moja dogo halipewi uzito unaostahili: watu hawa walikuwa wamezoea kuitwa kwa pembe, kutoka kaya kwa kaya, kila mmoja akijua kipande chake. Serikali iliyoshangaa jinsi maelfu walivyokusanyika bila chama wala gazeti ilikuwa haijawahi kuwatazama wakisafisha ndiva.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kimyakimya zaidi. Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote mikononi mwa umma, na mwenye kutaka kuyatumia akatakiwa kuwa na haki iliyosajiliwa. Mwaka 1979 Mwanga ikatengwa na kuwa wilaya yake, ikichukua Usangi na Ugweno, huku Same ikibaki na milima ya kusini. Mifereji ikawa chini ya serikali za vijiji. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema: maji si ya ukoo mmoja tena. Kwenye tope lilikuwa jambo gumu. Mzee wa ukoo aliyeogopwa kwa sababu ya mpungi hakuwa na nguvu ya kisheria, na mwenyekiti wa kijiji mwenye nguvu ya kisheria hakuogopwa na mtu. Vijana nao walikuwa wameshahamia Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Wengine walituma fedha ya kibarua badala ya kurudi na koleo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mpango wa kuboresha umwagiliaji wa jadi, ukisaidiwa na shirika la Uholanzi, SNV. Dawa yake kubwa ilikuwa saruji: kusakafia ndiva, kujenga mabanio ya zege, kunyoosha mifereji mikuu. Saruji ilisaidia. Mkwaruzo wa mfereji uliosakafiwa vizuri ni karibu na 0.014, na maji hayapotei tena kwenye udongo. Lakini wafadhili wengi, si hao tu, walijidanganya kwamba saruji ni jibu la mwisho. Tope halitofautishi ukuta wa zege na ukuta wa udongo.

Bangalala, kijiji cha Same kilicho katikati ya bonde la Makanya, inaonyesha jambo hilo waziwazi. Juu yake wako watu wa Vudee, chini yake wako wa Makanya. Ndiva yake moja, Manoo, ilipanuliwa na kusakafiwa mpaka ikaweza kubeba zaidi kidogo ya mita za ujazo 1,600, yaani kama lita milioni moja na laki sita. Katika miaka ya 2000 watafiti wa mpango uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Uholanzi na kusini mwa Afrika walikaa huko misimu kadhaa, wakipima maji, mavuno na mipango ya zamu. Walikuta jumuiya zilizo hai: viongozi waliochaguliwa, zamu zilizoandikwa, faini kwa asiyehudhuria kazi. Walikuta pia kwamba kijito kimoja kinahesabiwa mara nyingi. Anachokamata wa juu, wa kati hakipati. Na watu wa Makanya, waliozoea kupokea mto, wamebaki kusubiri mafuriko ya msimu, ambayo yakija huja na mchanga wa kuzika mifereji yao. Ukubwa wa ndiva haukuwaondolea watu wa Bangalala kazi ya kuchota tope. Bwawa kubwa linatuliza maji zaidi, na maji yaliyotulia zaidi yanaangusha tope zaidi.

Upande wa pili wa milima, mpakani na Kenya, kuna mfano mkubwa kuliko ndiva zote. Ziwa Jipe linapata maji ya Mto Lumi kutoka Kilimanjaro pamoja na vijito vya Pare ya kaskazini, na linatoa maji yake kwenye Mto Ruvu unaokwenda kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Ziwa hilo ni la kina kifupi. Kwa miongo kadhaa udongo kutoka juu umekuwa ukiingia, na juu ya udongo huo yameota matete na mafunjo yaliyojitandaza hadi kwenye mdomo wa kutokea maji. Wavuvi wa upande wa Mwanga wanalazimika kufungua vichochoro kwa panga ili mtumbwi upite. Maji yanayotafuta Ruvu yanapita katikati ya msitu wa majani, taratibu, na mengine yanabaki yakichemka juani. Hapa pembe moja haitoshi. Ziwa ni la nchi mbili, tope ni la watu wa juu wasiowajua wa chini, na hakuna ukoo unaoweza kutoza faini.

Nyumba ya Mungu yenyewe ilijengwa katika miaka ya 1960, penye makutano ya Kikuletwa na Ruvu, kwa ajili ya umeme wa megawati 8. Vijiji vya wavuvi vikaota kandokando mwake. Nusu karne baadaye bwawa hilo hilo ndilo lililochaguliwa kunywesha miji mikavu ya tambarare. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe ulianza katikati ya miaka ya 2010, ukachelewa, ukabadili makandarasi, ukawa wimbo wa kila mgombea, hatimaye ukazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Kwa mkazi wa mjini Same aliyezoea kununua maji kwa dumu, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini maji ya bwawa lenye jua kali na mbolea ya mashamba ya juu yanabeba mwani na bakteria, na hayanywewi hivi hivi. Yanataka kuchujwa, na historia ya chujio inafanana na historia ya mfereji kwa namna ambayo watu wa Kighare wangeitambua upesi.

Chujio la mchanga la kutegemewa na mji lilijengwa London na James Simpson kwa ajili ya kampuni ya maji ya Chelsea, mwaka 1829. Maji yanamwagwa juu ya kitanda kipana cha mchanga, yanashuka taratibu, yanatokea chini yakiwa masafi. Kwa muda mrefu wahandisi walidhani mchanga ndio unaofanya kazi yote. Kumbe baada ya siku chache juu ya mchanga hujitengeneza ngozi nyembamba ya viumbe hai, bakteria, mwani na vijidudu vinavyokula vijidudu, na ngozi hiyo ndiyo inayokamata maradhi. Ushahidi wa kutisha ulikuja mwaka 1892. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, mji uliokunywa maji ya Mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao na kuchota mto ule ule, tena chini ya maji taka ya Hamburg, uliponea kwa sababu ulikuwa na machujio ya mchanga.

Ngozi hiyo inayookoa ndiyo inayoziba. Zaidi ya miongo mitatu kabla ya hapo, 1855 na 1856, mhandisi Henry Darcy wa Dijon, Ufaransa, alipima maji yanavyopita katika nguzo ya mchanga akaonyesha kwamba mwendo unategemea msukumo wa maji, unene wa kinachopitwa, na jinsi kinavyopitisha. Ongeza tabaka moja lisilopitisha vizuri na mwendo wote unashuka, hata kama mchanga ulio chini yake haujabadilika. Kwa hiyo baada ya wiki au miezi mfanyakazi anakausha chujio, anaingia na koleo, anaparua sentimita moja au mbili za juu, anatoka. Ni msaragambo wa mchanga.

Chujio la kisasa kabisa limeondoa mchanga na kuweka utando. Ni karatasi ya polima yenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, na katika aina za kuondoa chumvi hakuna hata vitundu vya kuhesabika, maji yanapenya katikati ya molekuli. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960 utando wa kwanza uliopitisha maji kwa kiwango cha kuuzika, na leo nchi za Ghuba, ambako Waswahili wengi wanaishi, zinakunywa bahari kwa teknolojia iliyotokana na huo.

Adui mkubwa wa utando si chumvi. Bakteria mmoja aliyegusa utando anajibandika, anatoa ute, anazaana ndani ya ute wake, na baada ya siku chache uso wote umevaa ukoga, kama ule wa meno ya mtu aliyelala bila kupiga mswaki. Ukoga huo unazuia maji kwa njia mbili: unaongeza tabaka la kupenya, na unajaa kwenye wavu mwembamba unaotenganisha karatasi za utando hadi maji yanakosa nafasi ya kupita pembeni. Mwendesha mtambo haoni kitu. Anaona mshale wa presha unapanda na lita zinashuka, au bili ya umeme inakua huku maji ni yale yale. Mwanasayansi Mjerumani Hans-Curt Flemming, aliyeuchunguza ukoga huo kwa miaka mingi, alieleza kwa nini ni vigumu kuuzuia mlangoni: mchanga ukiuondoa asilimia 99 umebaki asilimia 1, lakini bakteria ukiwaondoa asilimia 99.99 waliobaki wanaanza familia. Klorini ingewaua, ila aina nyingi za utando wa kuondoa chumvi zinaharibiwa na klorini hiyo hiyo. Kinachobaki ni kuosha: magadi makali, kisha asidi, mtambo ukiwa umesimamishwa. Na ukoga unarudi.

Kaskazini mwa Tanzania teknolojia hiyo imejaribiwa kwa sababu nyingine, floraidi. Katika maeneo ya volkano ya zamani kuanzia Meru hadi Manyara, visima vingi vina floraidi iliyozidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi usiohitaji maabara. Mtafiti Andrea Schäfer na wenzake walipeleka mtambo wa utando unaoendeshwa kwa jua hadi Mdori, mkoani Manyara, wakachapisha matokeo mwaka 2018: floraidi iliondoka, na jua lilitosha kuendesha pampu. Jaribio la wiki chache linaweza kuthibitisha hayo. Swali la nani atauosha utando mwaka wa tatu halijibiwi kwa wiki chache.

Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alichagua njia ya katikati. Chujio lake, Nanofilter, lilimpa mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya chuo cha wahandisi cha Uingereza. Linaanza na mchanga ule ule wa Simpson, kisha vinafuata viungo vidogo vya kunasa metali na floraidi kulingana na maji ya mahali. Alilipangilia kibiashara pia: mwenye kioski anakodi chujio, anauza maji, na riziki yake inategemea lita zinazotoka. Mtu wa namna hiyo hahitaji kukumbushwa kusafisha.

Uamuzi wa kushangaza zaidi ulitoka Uswisi. Watafiti wa taasisi ya maji ya Eawag waliacha kabisa kupigana na ukoga. Waliweka utando chini ya maji yenye msukumo mdogo, kama mita moja au chini ya hapo, bila pampu, bila dawa, bila kuosha. Mwendo ulishuka siku za kwanza, halafu ukasimama. Uchunguzi ulionyesha kwamba viumbe vidogo vinavyokula bakteria vilikuwa vinatoboa ukoga na kuuacha na vinyweleo. Maji yanatoka kidogo, lita chache kwa saa kwa kila mita ya mraba, lakini yanatoka mfululizo kwa miaka. Mitambo ya aina hiyo imewekwa Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Dawa ya uchache wa lita hizo ni ile ile ya Upare: tenki la kukusanya usiku, ili asubuhi ndoo zisipange foleni.

Miji ya Same na Mwanga sasa ina bomba kubwa, na kazi ya kuosha machujio imepata wafanyakazi wenye mishahara na mteja anayelipa kwa yuniti. Vijijini, chini ya sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii vinatakiwa kukusanya fedha na kuajiri fundi na mhasibu. Baadhi vinaweza, vingine bado vinabembeleza ada. Ndiva zinaendelea kumwagilia mahindi na maharage Usangi, na tangawizi Mamba Myamba. Mtaro wa bomba jipya ukihitajika kuchimbwa milimani, kiongozi wa kitongoji bado hutangaza msaragambo. Siku hizi mbiu inatanguliwa na ujumbe wa WhatsApp, na walioko Dar es Salaam wanajibu kwa kutuma M-Pesa.